Namna ya Kuitazama Granada Usiione

Waliojenga Granada walikuwa na ugomvi na magoti. Sina maelezo mengine. Upande mmoja kuna kilima cha Sabika, ambako mwaka 1238 Muhammad ibn al-Ahmar, sultani wa kwanza wa ukoo wa Nasr, alianza kujenga Alhambra. Upande wa pili kuna kilima cha Albaicín, mtaa mkongwe wa nyumba nyeupe na vichochoro. Katikati limekaa bonde jembamba na kijito kiitwacho Darro, ambacho kwa kukitazama huwezi kuamini kuwa ndicho kilichovitenga vilima hivyo. Popote utakaposimama, unachotaka kukiona kiko kilima cha pili, na unachotaka kukila kiko chini bondeni.

Mwongozo huu ni wa msafiri anayetaka kupanda vilima vyote hivyo, apige picha mia nne, arudi kwao salama, na asiwe ameona kitu. Msidhani ni kazi rahisi. Mji wenyewe ni mzuri, na unaweza kukunasa saa yoyote ukizubaa. Mimi nilijitahidi sana na bado nilinaswa mara moja, nitaeleza.

Anza na viatu. Njia za Albaicín zimetandikwa kokoto za mtoni, nyeusi na nyeupe, zikapangwa moja moja mpaka zikawa maua na nyota na makomamanga. Halafu zikapitwa na nyayo za watu na kwato za punda mpaka zikang'aa, na mvua ikinyunya huteleza kama sabuni sakafuni. Vaa viatu vipya vyenye soli laini. Utapanda mlima mzima ukitazama vidole vya miguu yako, na mandhari haitapata nafasi ya kukusumbua. Hatari ndogo tu ni hayo makomamanga. Waarabu waliuita mji Gharnata. Wahispania wakasikia granada, yaani komamanga, wakalikubali tunda kwa moyo mmoja. Liko kwenye nembo ya mji, liko chini ya kisigino chako, na liko juu ya nguzo fupi za chuma zinazozuia magari, kwa kimo hasa cha kumgonga goti mtu anayetembea akitazama simu.

Usipande basi. Kuna vibasi vidogo vyekundu vinavyopenya Albaicín kwenye njia ambayo mimi nisingethubutu kupitisha mkokoteni, na nauli yake haizidi bei ya chupa ya maji. Ukipanda utafika juu ukiwa na pumzi, na mwenye pumzi hutazama. Panda kwa miguu, saa nane mchana, mwezi wa Agosti.

Hapo kwenye saa inabidi tukae kidogo, maana ndipo sisi wa Kiswahili tunapoumia zaidi. Tumelelewa na jua lenye adabu. Linazama saa 12 na ushei, Januari mpaka Desemba, na saa zenyewe tunazihesabu kwa kulifuata. Granada si hivyo. Mwaka 1940 serikali ya Franco ilisogeza saa za Hispania mbele kwa saa moja zilingane na za Berlin. Berlin ya wakati ule ikaanguka, Franco naye akafa, saa hazikurudishwa. Kila kiangazi huongezwa saa nyingine juu yake. Matokeo ni kwamba mwishoni mwa Juni jua la Granada huzama saa 3 na nusu na ushei usiku. Narudia: usiku. Mtu anaswali Magharibi wakati ambao Tanga watoto wameshalala na mbu wameshaanza zamu.

Kwa hiyo, ukitaka kuyakosa machweo kwa uhakika, amini desturi ya kwenu. Fika kileleni saa 12 jioni. Utalikuta jua liko juu kama la saa kumi alasiri ya Tanga, halina haraka, na wewe umesimama kwenye mawe ya moto ukisubiri kitu kitakachotokea baada ya saa tatu na nusu. Desemba mambo ni tofauti: jua huzama karibu saa 12, kama nyumbani, na milima ya Sierra Nevada imevaa theluji nyuma ya Alhambra kama kanzu iliyotoka kupigwa pasi. Ndiyo sababu nimekushauri Agosti.

Sasa njia. Ukipotea, uliza. Watu wa Granada wana sifa moja wanayojivunia kuliko kasri zao, wanaiita malafollá. Ni ukavu wa maneno usio na kinyongo ndani yake. Mtu anakujibu kama anayekudai, kumbe hana neno nawe. Sisi tuliozoea kumjulia mtu hali, na hali ya mama, na ya shamba, ndipo tuulize njia, tunaweza kulala na fundo moyoni. Nilimkuta mzee mmoja akifagia mlangoni pake, nikamwamkia kwa Kihispania changu chote, nikamwuliza San Nicolás iko wapi. Akanitazama mimi, akakitazama kilima, akasema: "Juu." Akaendelea kufagia.

Alikuwa sahihi, kwa kweli.

Lugha, hata hivyo, itakudanganya zaidi ya watu. Mswahili akikaa Granada siku mbili huanza kudhani anajua Kihispania, kwa kuwa lugha zote mbili zilikwenda dukani kwa Mwarabu. Zeituni ni aceituna, sukari ni azúcar, zafarani ni azafrán. Fulani ni fulano, tena yule yule fulani anayesemwa barazani. Hata "hata" yetu ni ndugu ya hasta yao. Ukifika hapo kifua kinajaa, unaacha kuangalia kamusi, na ndipo unapoona bango limeandikwa tarifas ukalisogelea upate taarifa. Ni bei. Neno ni moja, ila kwao taarifa muhimu ni moja tu.

Mirador de San Nicolás, basi. Mirador ni mahali pa kutazamia, na Granada inazo nyingi kuliko inazohitaji, lakini hii ndiyo mama yao. Ni kiwanja kidogo mbele ya kanisa, chenye ukuta mfupi wa kukalia miguu ikining'inia. Ng'ambo ya bonde, mbele ya macho yako, imejipanga Alhambra yote: kushoto bustani za Generalife, katikati mnara wa Comares, kulia ngome ya Alcazaba, na nyuma ya vyote ile milima ambayo Agosti haina theluji. Bill Clinton aliletwa hapa Julai 1997, na inasimuliwa kwamba aliyatawaza machweo yake kuwa bora duniani. Tangu siku hiyo ukuta ule haujapata kupumzika.

Ambalo halisimuliwi ni kwamba jua la Julai halizami mbele yako. Linazama nyuma ya bega lako la kulia. Mbele iko Alhambra ikipokea mwanga wake na kugeuka rangi, kutoka ya mchanga kwenda ya kutu, mpaka inakuwa kweli al-hamra, nyekundu. Kwa maneno mengine, umati mzima uliopanda kutazama machweo umelipa jua kisogo. Hakuna ubaya, Alhambra ndiyo yenye mambo. Lakini wewe una lengo la juu zaidi. Subiri rangi ikolee, halafu geuka, nyoosha mkono wenye simu, tabasamu. Hapo umeipa kisogo Alhambra nayo, na uso wako umepigwa na jua ambalo huwezi kulitazama kwa sababu macho yamefumba. Kila kitu kimo kwenye picha. Wewe tu ndiye hukuona.

Usikosee ukaingia mlango wa jirani. Hatua chache kutoka kwenye ukuta ule upo msikiti mkuu wa Granada, uliofunguliwa mwaka 2003, na bustani yake hupokea wageni. Kuna maua, kuna chemchemi, na mandhari ni ile ile iliyoko kwenye ukuta, isipokuwa hakuna kiwiko cha mtu ubavuni mwako. Mgeni asiye mwangalifu anaweza kukaa pale robo saa bila kupiga picha hata moja. Nimeonya.

Wala usivutwe na kuta za nyumba. Albaicín ina nyumba ziitwazo carmen, kutoka karm ya Kiarabu, mzabibu: nyumba na bustani ndani ya ukuta mmoja mrefu. Nje unaona chokaa tupu, mlango uliofungwa, na tawi la mti lililochungulia. Aliyezaliwa Lamu hahitaji kuelezwa mantiki yake. Uzuri wa nyumba ni wa mwenye nyumba na wageni wake. Mpita njia hupewa kivuli na ashukuru. Kuna pia zile birika za chini ya ardhi, aljibe, zaidi ya ishirini, nyingi zimejengwa kwa matofali na tao mbele, ambazo zamani ndizo zilizounywesha mtaa na kutawadhisha watu wa misikiti iliyogeuzwa makanisa. Watalii huweka mikoba yao juu yake wakitafuta chaji ya simu. Fanya vivyo hivyo.

Ukiteremka kuelekea Kanisa Kuu, wanawake watakupa kijitawi cha mrozimari. Zawadi, bure kabisa. Ukikipokea tu, mkono wako hautarudi kwako mpaka kiganja kisomwe, uambiwe utapata watoto na safari ndefu, na safari hiyo ilipiwe pale pale. Wahenga walisema cha bure ghali, nami niliikumbuka methali hiyo nikiwa tayari nimefungua pochi. Lakini haki isemwe: mji huo huo, ukiagiza kinywaji, hata soda mara nyingi, unaletewa kisahani cha chakula usichokiagiza na usichokilipia. Kinywaji cha pili, kisahani cha pili. Hapo methali haina kazi, ila uliza kwanza kilichomo, maana nguruwe ana cheo kikubwa sana huku.

Tumefika kwenye Alhambra yenyewe. Zaidi ya watu milioni 2 huingia kila mwaka, na tiketi hukatwa mapema kwa jina na namba ya pasipoti. Tiketi ina saa yako maalumu ya kuingia kasri za ukoo wa Nasr, na saa hiyo ikikupita imekupita. Njia za kuikosa ni nyingi, nyingine za kawaida mno, kama kuchelewa kuamka. Mimi najivunia yangu. Tiketi iliandikwa 8:30. Nilikunywa chai taratibu, nikatembea bondeni, nikala, nikapanda kilima bila papara, na saa nane na nusu kamili nikasimama mlangoni na tabasamu la mtu aliyewahi. Kijana wa mlangoni aliitazama tiketi, akaitazama saa yake, akanitazama mimi, na nikafahamu, kabla hajafungua mdomo, kwamba nimesoma saa za kizungu kwa Kiswahili. Miaka mingapi nimekuwa nikiwafundisha wageni wanaokuja kwetu kujumlisha sita?

Hapo nilifaulu kabisa. Ningeondoka siku ile, mwongozo huu ungekuwa hauna doa. Lakini siku ya tatu nilipata tiketi nyingine, nikaenda, na ndiko nilikonaswa.

Ilianza na kuta. Zimeandikwa toka kiunoni hadi darini, na maneno yanayorudi kila upande, kwenye plasta, kwenye mbao, ni kaulimbiu ya ukoo ule: wa la ghaliba illa Allah, hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu. Watalii wanayapiga picha kama maua. Lakini mtu aliyepita chuoni utotoni, hata kama mimi niliyekuwa mtoro wa kuchapwa, midomo yake huanza kucheza yenyewe. Herufi za mraba zilinishinda. Za mviringo nilizifuata neno kwa neno kwa kidole hewani, mpaka watu wa nyuma wakaanza kukohoa. Kwenye kingo za birika la Ua wa Simba kuna mashairi ya Ibn Zamrak, waziri aliyekuwa mshairi, au mshairi aliyekuwa waziri. Nyumba inayojisifu kwa sauti yake yenyewe! Huku kwetu tunaandika hivyo kwenye kanga tu.

Kisha nikafika Mirador de Lindaraja. Nayo ni mirador, ile ya wenyewe. Ni chumba kidogo, na madirisha yake yako chini mno. Warefu wanapita wakitazama plasta, wanadhani fundi alikosea vipimo. Hakukosea. Wenye nyumba walikaa chini, juu ya zulia na mito, na dirisha likakatwa kwa kimo cha jicho la mtu aliyekaa. Kwa hiyo mtu pekee ambaye Alhambra haikumjengea dirisha ni yule aliyesimama na kamera shingoni. Kukaa pale hakufai, watu wanapita, basi nikachuchumaa nikajifanya nafunga kamba za viatu, vile vipya. Chumba kikabadilika. Kuta zikapanda. Dari, ambalo ni kimia cha mbao chenye vioo vya rangi, likawa mbali kama anga ya alfajiri, na dirishani kukaingia kijani cha bustani na sauti ya maji. Nikafunga kamba za kulia, nikahamia kushoto, nikarudi kulia. Bibi mmoja akaniuliza kama naumwa.

Nilichokuwa nakitazama, kumbe, kilikuwa mabaki tu. Zamani dirisha lile liliangalia bonde na Albaicín yote. Katika karne ya 16 Kaizari Charles V akajengewa vyumba mbele yake, mandhari ikazibwa, ikabaki bustani ndani ya kuta. Washington Irving alilala kwenye vyumba hivyo mwaka 1829, akaandika kitabu kilichowaleta watu wote hawa wanaonikoholea. Kaizari hakutosheka. Mwaka 1527 alianzisha jumba lake mwenyewe katikati ya Alhambra, mraba nje na duara ndani, zito kama benki, nalo lilikaa bila paa mpaka karne ya 20. Alirithi kutoka kwa babu na bibi yake nyumba ambayo Ulaya nzima haikuwa na mfano wake, akaona inakosa nyumba nyingine ubavuni. Kila ukoo una mjukuu wa namna hiyo.

Ukitaka kujiponya na hali kama yangu, toka haraka upande Torre de la Vela, mnara wa Alcazaba. Kuna kengele kubwa, na Januari 2 kila mwaka wasichana hupanda kuipiga, kwa imani kwamba atakayeipiga ataolewa kabla mwaka kwisha. Lakini sisi tumekuja kwa picha. Ng'ambo ya bonde unaiona Albaicín nyeupe, na ndani yake, ukikaza macho, kiwanja cha San Nicolás na ukuta mfupi uliojaa vitu vidogo vyenye mikono juu. Wanapiga picha huku. Huku tunapiga picha kule. Wamo kwenye picha zetu kama chembe za mchele, nasi tumo kwenye zao, na hakuna atakayemjua mwenzake. Niliwapungia mkono. Sijui walikuwa wakinipungia au walikuwa wakitafuta mtandao.

Zipo mirador nyingine kwa mwenye magoti. San Miguel Alto iko juu kuliko zote za upande ule, karibu na kanisa dogo na mabaki ya ukuta wa mji, na kutoka kule Alhambra inaonekana kwa chini, kama imewekwa sahanini. Vijana huipenda kwa kuwa wazazi hawafiki. San Cristóbal ni nzuri na ina barabara. Silla del Moro, kiti cha Mmori, kama Wahispania walivyomwita Mwislamu wa hapa, iko juu ya Generalife na inakuonyesha Alhambra kwa mgongo. Nenda zote siku moja, zitakuchanganyikia na hutaikumbuka hata moja.

Imebaki ya kuondokea. Januari 2, 1492, sultani wa mwisho, Muhammad wa 12, ambaye Wahispania wanamwita Boabdil, alikabidhi mji kwa Ferdinand na Isabella, wale babu na bibi wa Kaizari, akashika njia ya kusini. Hadithi inasema alipofika kwenye pito la mwisho, ambapo Granada inaonekana kabla kilima hakijaificha, aligeuka, akashusha pumzi, machozi yakamtoka, na mama yake Aisha akamwambia ana haki ya kulia kama mwanamke kwa kitu alichoshindwa kukilinda kama mwanamume. Wanahistoria wanaicheka hadithi hiyo. Pito lenyewe linaitwa Suspiro del Moro mpaka leo, pumzi ya Mmori, na barabara kuu ya kwenda Motril, A-44, inapita hapo kwa kasi. Ukiniuliza, hiyo ndiyo mirador kongwe kuliko zote, na Boabdil ndiye mtalii wa kwanza aliyekaripiwa kwa kuchelewesha msafara.

Nilipanda basi la Motril asubuhi, nikiwa nimeapa kugeuka nitakapofika pale. Nikafungua simu niiangalie kwanza ile picha ya kutoka mnarani. Nikaikuza mpaka kiwanja cha San Nicolás kikajaa kiooni, nikaanza kuhesabu mikono iliyoinuliwa, nione kama yupo hata mmoja aliyenipungia. Nilikuwa nimefika kumi na saba pale mzee aliyekaa kiti cha dirishani aliponigusa bega. Hakusema kitu. Alinyoosha kidole gumba kuelekea nyuma ya basi, mara mbili, kwa uso wa kununa.

Nikadhani anataka kushuka, nikabana miguu apite.